Protini Haiugui Peke Yake

Minyororo miwili ya beta-globini ilikuwa kwenye skrini yangu: mmoja wa hemoglobini ya kawaida, protini ya damu inayobeba oksijeni, mwingine wa hemoglobini ya selimundu. Nilikuwa nimeipa AlphaFold, programu ya kompyuta inayokadiria umbo la protini, mifuatano yote miwili inikadirie maumbo, kisha nikayalaza moja juu ya jingine, la kwanza kijivu, la pili rangi ya chungwa, nikavuta karibu.

Yakalala sawasawa.

Msokoto juu ya msokoto, kona juu ya kona. Ilinibidi nizime lile la kijivu ndipo la chungwa lionekane vizuri. Palipotofautiana ni pamoja tu, karibu na mwanzo wa mnyororo, kwenye asidi amino ya sita (asidi amino ni pete za mnyororo, na kila moja huandikwa kwa herufi): palipokaa asidi glutamiki sasa pamekaa valini, kitawi kidogo kinachochomoza nje. Uti wa mnyororo haukuyumba. Alama za uhakika ambazo programu hujipa yenyewe zilikuwa juu karibu mnyororo mzima.

(Kwa watakaotaka kujaribu: kwenye hifadhidata herufi ya kwanza ya mfuatano ni methionini, ambayo mwili huiondoa baadaye. Kwa hiyo "ya sita" ya vitabu vya zamani ni ya saba kwenye faili. Ukibadilisha herufi ya sita ya faili utakuwa umeigusa prolini, na programu haitakuonya. Itakukunjia tu.)

Nilitarajia matokeo hayo. Yeyote aliyesoma habari za hemoglobini angeyatarajia. Lakini picha ile haikunitoka kichwani kwa wiki kadhaa. Ugonjwa unaowalaza watu kwa maumivu ya mifupa, unaoziba mishipa, unaoua watoto wasiopata matibabu, na chombo kilichowapa waundaji wake Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024 kinaniambia kwa uhakika mkubwa kwamba hapa hakuna kilichobadilika.

Na hakikosei. Hilo ndilo lililonikera.

## Bonde lilikuwepo siku zote

Asidi glutamiki ina chaji hasi na inapatana na maji. Valini haipatani nayo. Iweke juu ya uso wa protini, mahali palipo wazi, na umepata doa dogo la mafuta ndani ya seli iliyojaa maji. Doa hilo peke yake halina neno. Molekuli moja moja ya hemoglobini hii hubeba oksijeni vizuri na kuiachia vizuri.

Mambo huharibika ikishaachia oksijeni. Minyororo minne inayounda hemoglobini hujigeuza kidogo, na kwenye beta ya molekuli jirani hufunguka bonde dogo lililozungukwa na fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Hizo nazo hazipendi maji. Valini ya molekuli ya kwanza huingia humo na kutulia. Zikishashikana mbili huja ya tatu, kisha ya nne, mpaka unapatikana ufumwele wa nyuzi 14 zilizosokotana, mgumu kiasi cha kuivuta seli nyekundu hadi iwe umbo la mundu.

Nilichokuwa sijakitilia maanani ni hili: bonde lile halikuletwa na badiliko la jeni. Lipo kwenye hemoglobini yangu, na yako. Fenilalanini ya 85 na lusini ya 88 zimekaa hapo miaka yote bila kumdhuru mtu, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuingia humo.

Kwa hiyo ukiniuliza ugonjwa uko wapi kwenye molekuli, sitaweza kukuonyesha kwa kidole. Hauko kwenye valini, wala hauko kwenye bonde. Uko pale vinapokutana, tena vikiwa vimeachia oksijeni, tena ndani ya seli iliyosongamana kupita kiasi: hemoglobini ndani ya seli nyekundu hufika gramu 330 hivi kwa lita. Mimi nilikuwa nimeikadiria moja, bila majirani, kama kumjua mtu kwa picha ya pasipoti. Sura unaiona. Anaogombana nao huwaoni.

Halafu nikakumbuka habari ya Linus Pauling na wenzake. Mwaka 1949 waliandika kwamba selimundu ni ugonjwa wa molekuli. Wakati huo hapakuwa na umbo la protini hata moja lililokwisha kupimwa kwa eksirei mpaka kuonekana atomu zake. Walichofanya ni kuziweka hemoglobini za aina mbili kwenye uga wa umeme na kuona kwamba haziendi mwendo mmoja, kwa sababu chaji zake zimetofautiana. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti yote ni asidi amino moja. Walikosa umbo na wakaliona badiliko. Mimi nina umbo lenye kila atomu, na kwenye umbo hilo sioni kitu.

## Tuliiuliza nini hasa?

Tuitendee haki mashine. AlphaFold ilijifunza kutoka kwenye maumbo yaliyopimwa maabara na kutoka kwenye mifuatano ya protini za viumbe wengi mno. Ukiipa mfuatano mpya, hutafuta ndugu zake wote na kukadiria umbo ambalo ukoo huo hulichukua. Ukibadilisha herufi moja, sauti ya herufi hiyo humezwa na sauti za ukoo mzima. Waundaji wake wenyewe wanasema wazi kwamba haikutengenezwa kupima athari za mabadiliko ya herufi moja moja. Sisi watumiaji ndio tunaosahau.

Wapo wanaosema, basi tumia vikokotoo vya uthabiti kama FoldX au Rosetta. Hivi hukadiria ni nishati kiasi gani hupotea protini inapobadilishwa herufi, yaani kama itaendelea kukunjika au itaporomoka. Kwa magonjwa fulani hilo ndilo swali lenyewe. Badiliko mashuhuri la sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoathiri mapafu, hupoteza fenilalanini ya 508 kwenye protini CFTR. Protini inashindwa kukunjika sawasawa, na seli huiharibu kabla haijafika kwenye utando inakotakiwa kufanya kazi. Hapo protini imevunjika, na kikokotoo cha uthabiti kina la kusema.

Ila hata hapo hesabu ni nyembamba mno. Protini nyingi hushikilia umbo lake kwa kilokalori 5 hadi 15 tu kwa moli. Badiliko la kilokalori 1.4 linatosha kuongeza au kupunguza mara kumi nguvu ya protini mbili kushikana. Na kosa la kawaida la vikokotoo hivi ni kama kilokalori moja, wakati mwingine zaidi. Ukisoma matokeo yenye desimali mbili, kumbuka kwamba tarakimu ya mbele ya nukta ndiyo yenye wasiwasi.

Basi tuige fizikia yenyewe, atomu kwa atomu? Inawezekana, na kuna watu wanaoifanya kwa ustadi. Lakini kila hatua ya uigaji wa aina hiyo huwa na urefu wa femtosekunde mbili hivi, yaani kipande kidogo mno cha sekunde. Kupata mikrosekunde moja ya maisha ya protini moja unahitaji hatua milioni 500. Nyuzi za selimundu huanza kujengeka kwa muda mrefu kuliko huo mara maelfu, na hazihusishi molekuli moja bali umati. Nimeacha kompyuta ikikoroma usiku kucha na asubuhi nikaonyeshwa molekuli iliyotikisika kidogo mahali pake.

Mwaka 2015 ilitoka kazi moja kubwa ambayo watafiti walichukua maelfu ya mabadiliko yanayohusishwa na magonjwa na kupima maabara, kwa sehemu yake, kama protini husika bado zinashikana na wenzake. Kati ya yaliyopimwa hivyo, takriban theluthi mbili yalivuruga uhusiano fulani. Nusu ya hayo yalikata baadhi tu ya mahusiano na kuyaacha mengine kama yalivyokuwa. Protini imekunjika vizuri, inafanya kazi nyingine zote, ila haimshiki tena mwenzake mmoja. Hii inaeleza kitu ambacho vikokotoo vya protini moja haviwezi kukieleza: kwa nini mabadiliko mawili kwenye jeni ileile huleta magonjwa mawili yasiyofanana.

## 0.87

Nikiwa bado natafuna hayo, rafiki yangu akaniandikia.

"Kaka, samahani kukusumbua. Tumepata majibu ya vinasaba vya mtoto. Wameandika badiliko lenye umuhimu usiojulikana. Nimeliangalia mwenyewe kwenye AlphaMissense, linaonyesha 0.87. Ina maana kuna asilimia 87 kwamba ataumwa?"

Nilianza kuandika jibu, nikafuta. Nikaanza tena.

AlphaMissense ilitolewa Septemba 2023. Ni binamu wa AlphaFold aliyefundishwa upya: hakadirii umbo, hutoa alama kati ya 0 na 1 kwa kila badiliko la asidi amino moja. Wameipitisha kwenye mabadiliko yote ya aina hiyo yanayowezekana kwa binadamu, milioni 71, na kuyaweka asilimia 32 upande wa yanayoelekea kudhuru na asilimia 57 upande wa yasiyoelekea kudhuru. Juu ya 0.564 ni upande mbaya, chini ya 0.34 ni upande salama, katikati haijulikani. Mipaka hiyo ilichaguliwa ili, ikilinganishwa na hukumu zilizopo kwenye ClinVar, hifadhidata ya mabadiliko yaliyokwisha kuhukumiwa kuwa yanadhuru au la, iwe sahihi kwa asilimia 90.

Kwa hiyo 0.87 inasema nini? Inasema badiliko hili linafanana na yale ambayo mageuzi huwa hayavumilii. Inazungumzia herufi ndani ya protini. Haijui kama mtoto ana nakala moja ya badiliko au mbili. Haijui kama jeni hiyo huhitaji nakala moja mbovu au zote mbili ili ugonjwa utokee. Haijui umri wake, wala kama ana dalili yoyote.

Haimjui mtoto kabisa.

Miongozo ambayo maabara nyingi huifuata, iliyotolewa mwaka 2015, iliupa ushahidi wa kompyuta daraja la chini kuliko yote: unaunga mkono, hauamui. Tangu mwaka 2022 baadhi ya programu zimeruhusiwa kupanda madaraja baada ya kupimwa upya, na naona ni sawa, kwa kuwa zimekuwa bora kweli. Lakini mzazi anapofungua tovuti haoni madaraja. Anaona namba yenye nukta, na namba yenye nukta ina namna ya kuonekana kama imeshakata shauri.

Nilimwandikia: "Hapana, si hivyo. Nitumie ukurasa mzima wa majibu, si mstari huo tu."

## Nani alihesabiwa

Nikisubiri ukurasa ule, wasiwasi mwingine ukaja.

Programu hii haikufundishwa moja kwa moja kwa hukumu za madaktari. Ilifundishwa kwa kanuni rahisi: badiliko linaloonekana mara kwa mara kwa watu au kwa jamaa zetu nyani lichukuliwe kuwa halidhuru, lisiloonekana lichukuliwe kuwa linashukiwa. Kanuni nzuri, ikiwa umewahesabu watu wote. Hatujawahesabu. Hifadhidata za vinasaba zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, ingawa Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki kuliko kwingine kote duniani.

Madhara yake yameshaandikwa. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba Wamarekani kadhaa wenye asili ya Afrika walikuwa wameambiwa wana mabadiliko yanayosababisha ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo, kumbe mabadiliko hayo ni ya kawaida tu miongoni mwa watu weusi. Kundi la kulinganishia halikuwa na watu weusi wa kutosha, basi cha kawaida kikaonekana cha ajabu. Kosa hilo lilifanywa na binadamu. Mashine inaweza kulirithi bila mtu kuliona, na ikalitoa likiwa na desimali tatu.

Mfano unaonisumbua zaidi ni APOL1. Hii ni protini ya damuni inayoua vimelea vya trypanosoma. Kimelea kimoja kinacholeta malale, Trypanosoma brucei rhodesiense, kimejitengenezea protini yake iitwayo SRA, ambayo huing'ang'ania APOL1 na kuizima. Watu wenye lahaja (yaani aina tofauti ya jeni) iitwayo G2 wamepoteza asidi amino mbili mwishoni mwa APOL1, karibu na pale SRA inaposhika, na SRA haishiki tena vizuri. Kinga imerudi. Lakini mtu mwenye nakala mbili za lahaja za hatari, G1 au G2, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo, ingawa wengi wao hawaugui maisha yao yote. Na cha kushangaza, kimelea chenyewe kiko mashariki na kusini mwa Afrika, ilhali lahaja hizo zimeenea zaidi magharibi.

Sasa ipe kompyuta APOL1 peke yake na uiulize, badiliko hili ni baya? Nusu ya jibu imo kwenye protini ya kimelea ambacho hakimo kwenye faili.

## Wawili wawili

Ukurasa mzima ulipofika, niliona nilichokuwa nakihofia. Mistari ilikuwa miwili. Kwenye jeni ileile mtoto alikuwa na badiliko la pili, hili likijulikana vizuri kuwa linadhuru, na chini yake maelezo kwamba ugonjwa husika hutokea pale nakala zote mbili za jeni zinapoharibika. Rafiki yangu alikuwa ameutafuta mstari wenye neno "usiojulikana" kwa sababu ndio uliomtisha.

Hapo 0.87 ikawa haina kazi kubwa. Swali likawa jingine: mabadiliko hayo mawili yamekaa kwenye kromosomu moja, au moja limetoka kwa baba na jingine kwa mama? Yakiwa pamoja, nakala ya pili ni nzima na mtoto ni mbebaji tu. Yakiwa yametengana, hana nakala isiyoguswa, na hapo ndipo uzito wa ile alama ungeanza kujadiliwa.

Hemoglobini ilishatufundisha hesabu hii. Kwenye nafasi ileile ya sita kuna badiliko jingine: asidi glutamiki inakuwa lisini, na hemoglobini hiyo huitwa C. Mwenye C mbili hupata upungufu mdogo wa damu. Mwenye S (ile ya selimundu) moja na ya kawaida moja kwa kawaida yu mzima, na ana kinga nzuri dhidi ya malaria kali. Mwenye S moja na C moja ana ugonjwa wa selimundu. Hakuna alama ya badiliko moja moja, hata iwe nzuri vipi, utakayoijumlisha ukapata jibu hilo.

Virusi vya UVIKO-19 navyo vimelionyesha hilo, safari hii kwa vipimo. Mwaka 2020 watafiti walibadilisha moja moja herufi zote za kipande cha protini ya mwiba kinachoshika ACE2, kipokezi kilicho juu ya seli zetu, wakapima vitu viwili mbali mbali: kama kipande bado kinakunjika, na kama bado kinashika. Kutenganisha maswali hayo mawili naona ndiyo busara kubwa ya kazi ile. Badiliko liitwalo N501Y (herufi ya 501, N ikawa Y) lilijitokeza pale kuwa linaongeza nguvu ya kushika, kabla hatujalisikia kwenye habari. Jingine, Q498R, peke yake halikuwa na la kujivunia. Yaweke pamoja, kama yalivyokuja kwenye Omicron, na nguvu ya kushika inapanda kuliko jumla ya yote mawili.

Siku hizi kuna programu zinazokadiria protini zikiwa zimeshikana. AlphaFold 3 ya mwaka 2024 huweka humo hata DNA na molekuli ndogo. Nimeijaribu na naipenda. Inakuonyesha wanavyoshikana, ikiamini kwamba wanashikana. Wanashikana kwa nguvu kiasi gani, na baada ya badiliko wanaachana au la, bado ni kazi ya mezani, na ya mirija ya maabara.

Nilimpigia rafiki yangu simu badala ya kuandika. Nikamweleza habari ya mistari miwili, nikamwambia arudi kwa mshauri wa vinasaba waliyepewa na aulize jambo moja tu: wazazi wapimwe kwa mabadiliko hayo hayo mawili.

"Tuanze na mama yake?"

"Nendeni wote wawili siku moja," nikamwambia. "Na usiangalie tena ile tovuti mpaka majibu yatoke."

Akacheka kidogo. Ameshaiangalia tena, nadhani.